Tangi Langu Lilipewa Sentensi Moja

Mimi shule niliacha darasa la tano, na sikuacha kwa ujinga. Niliacha kwa sababu mwalimu alikuwa ananihesabisha mananasi ya ubaoni wakati nyumbani kulikuwa na miraa ya kweli inayokauka. Niliteremka kutoka milimani nikiwa nimekaa juu ya magunia hayo ya miraa, nikafika Isiolo, nikaona mji tambarare, jua, vumbi, na watu wote wana kiu. Wenzangu niliokuja nao waliona kiu. Mimi niliona wateja.

Nilianza na mkokoteni na mitungi ya maji. Leo nina duka la vifaa vya ujenzi, nina lojing yenye vyumba vya chini na vya juu, nina malori, na kule Kiwanjani nina bustani ya harusi yenye nyasi ambazo ng'ombe wa Isiolo wakizipita wanageuza shingo. Siyasemi haya kujisifu. Nayasema ili msomaji ajue ni mtu wa aina gani aliyekuja kuketi mbele ya simu, akiwabembeleza watu asiowajua wakubali kwamba mkasa wake ulikuwa mdogo.

Mimi, kusema changu ni kidogo! Mama watoto bado anacheka.

Tuanze na tangi lenyewe. Hapo bustani ilipo leo palikuwa na tangi langu la maji, na lilikuwa la chuma, si haya ya plastiki nyeusi ambayo kila mwalimu anayo. Lilisimama juu ya miguu minne ya chuma, juu kuliko msikiti, juu kuliko kanisa, Mungu anisamehe kwa yote mawili. Fundi aliyepanda kulipaka rangi alishuka akisema upande mmoja ameuona Mlima Kenya na upande wa pili ameiona barabara ya Moyale mpaka inapoingia mbinguni. Uwanja wa ndege uko karibu hapo, na nasikia marubani walikuwa wakiulizana angani kama tayari wamelifikia tangi. Hilo sikulichunguza. Jambo likikupendeza, unalichunguza la nini?

Tangi lilianguka Ijumaa, saa ya sala, jua la utosi, bila hata wingu la kudanganya mtu. Fundi alisema ni upepo. Mhandisi alisema ni msingi. Mimi nasema ni macho ya watu, maana mwaka huo nilikuwa nimenunua lori jipya pia.

Hakufa mtu, na hiyo ni kazi ya Ijumaa. Mlinzi wangu alikuwa msikitini, majirani walikuwa msikitini, na mimi nilikuwa dukani nikibishana na mteja juu ya misumari. Nilisikia mshindo, nikasikia kimya, halafu nikasikia kitu ambacho Isiolo husikii mwezi kama ule: maji yanakimbia. Yalibeba magunia ya makaa, yakabeba kuku, yakabeba kiti cha bodaboda na mwamvuli wake, yakateremka hadi msikitini, na waumini walipotoka walikuta viatu vyao vimetangulia. Kuna mzee mmoja kiatu cha kushoto alikipata kwenye ua wa uwanja wa ndege. Watu wa Sericho, mbali huko nyikani, wanatembea siku nzima kutafuta ndoo ya maji, na sisi hapa mjini tukafurika kiangazi. Ikitokea tangi la mtu mwingine limefanya hivyo, nijulishwe.

Aliyekufa alikuwa ngamia mmoja jike, wa jirani yangu.

Jirani huyo ni mzee wa Kiborana, nyumba yake inapakana na ploti yangu upande wa mashariki. Ndevu zake amezitia hina, fimbo yake haimtoki mkononi, na mdomo wake ukitaka kukukata hauhitaji kisu. Ngamia wake alikuwa amelala chini ya tangi. Tuliyamaliza kwa desturi ya kwao. Nilitoa ngamia jike mwingine kutoka mnadani, mzuri, mwenye nundu imesimama. Wazee wao wakaja wakaketi mkekani, zikaletwa buni nzima zimekaangwa kwa samli, hiyo ndiyo wanaita buna, kila mmoja akachota, akatafuna, akajipaka samli kichwani, wakaomba dua, na mimi Mmeru wa kanisani nikapakwa paji la uso mpaka nikang'aa. Kiongozi wao akaniambia, "Imeisha. Maneno imekuliwa na buna, hairudi mdomoni." Nikasema amina. Ningesema nini kingine?

Basi nikadhani imeisha.

Redio ilikuwa imelitaja tangi asubuhi moja, kati ya habari za ndizi na habari za mpira. Kijana mmoja huko milimani akasikia. Huyu kijana ni wa kompyuta, mtu mpole, na ana mazoea ambayo sijawahi kuyaona kwa mwanamume mwenye afya: wakati wake wa kupumzika anaandika kurasa katika ile kamusi kubwa ya mtandaoni, ambayo inaeleza kila kitu duniani na inaandikwa na yeyote, bure. Wasomi wanaiita ensaiklopidia. Mimi ninaiita Kitabu, na kijana amekubali.

Alikuja na kamera kulipiga picha shimo. Maana tangi lilipodondoka lilichimba shimo la kutosha kuoshea lori. Binti yangu akamletea chai. Akapiga picha, akanywa chai, akaenda. Wiki iliyofuata akarudi kupima shimo. Wiki iliyofuata tena, kuhakikisha vipimo. Nikamwambia mama watoto, hilo shimo halikui, huyu anapima nini? Akaniambia, "Wewe na hesabu zako uliziacha darasa la tano. Mwache apime."

Ukurasa ukatoka. Kijana akanionyesha kwa simu: kichwa chake kilikuwa "Eneo la maafa ya tangi, Kiwanjani", chini picha ya shimo, na mimi pembeni ya shimo nimeshika kiuno. Nilimpeleka saiba, duka la kompyuta za kukodi, wakautoa kwa karatasi ya rangi, nikauweka kwenye fremu, nikautundika mapokezi ya lojing, kati ya leseni na kalenda. Mgeni akija kuchukua ufunguo, kwanza anasoma. Asiyejua kusoma, namsomea. Wako matajiri Isiolo, sikatai. Lakini tajiri ambaye hata kuanguka kwake kumeandikwa, ni nani mwingine?

Kisha kijana akaleta wazee wa kwao kumposa binti yangu. Tukakubaliana. Kwa kawaida sherehe huwa ya upande wa mume, ila binti alisema anataka harusi yake ifanyiwe pale walipokutana, na mahali walipokutana ni ukingoni mwa shimo. Shimo nilikuwa nimelifukia, nikapanda nyasi na maua, nikasimamisha hema jeupe, nikaita bustani. Nikawaambia wakwe: bustani ni yangu, hema langu, maji yangu, nyama yangu, nyinyi leteni bwana harusi tu. Binti yangu angekuwa bi harusi wa kwanza kukanyaga nyasi zile. Kila kitu kilikuwa sawa mpaka mama wa kijana aliponipigia simu.

Mama huyo ni nesi mstaafu na kiongozi wa akina mama kanisani kwao. Sauti yake ni ya mtu aliyezoea kuamuru wagonjwa wageuke.

"Mkwe, habari?"

"Nzuri sana, mkwe."

"Nimeandika jina la hiyo bustani yako kwa simu, nione njia ya kufika."

"Vizuri kabisa. Ni lami mpaka karibu."

"Nimeletewa eneo la maafa."

Nikakohoa.

"Mkwe, mimi maafa nimeyafanyia kazi maisha yangu yote. Sitaki kuyavalia kofia ya harusi. Kadi itaandikwa mahali, wageni mia nzima wataandika mahali kwa simu, na wote wataletewa shimo na wewe umeshika kiuno. Mchungaji ataletewa shimo. Mwanangu haoi kwenye maafa. Hiyo kitu itoke, ama harusi tuifanyie huku kwetu, uwanja wa kanisa."

"Mkwe, hakufa mtu."

"Hiyo ndiyo wanasemaga wote," akasema, akakata simu.

Nilimwita kijana. Nikamwambia, wewe ndiye uliyeandika, wewe ufute, mama yako asijue ni nani aliandika. Akashika kichwa. "Mzee, ukishaandika kule si yako tena. Ninaweza kupendekeza ifutwe, halafu wanajadili."

"Nani wanajadili?"

"Yeyote."

Akanieleza kwamba nyuma ya kila ukurasa kuna kama baraza, watu wanakuja wanasema ukurasa ubaki, au ufutwe, au uunganishwe na ukurasa mwingine, na baadaye mmoja anakata shauri. Hapo nikapumua. Baraza nalijua.

"Unataka watu wangapi? Nina lori. Nina watu wa miraa, watu wa mawe, na bodaboda wote wa stendi."

"Mzee, hawahesabu kura. Wanapima sababu."

Nimeishi nchi hii miaka yangu yote na hilo sikuwahi kulisikia. Nikamwuliza kama wamesajiliwa.

Tukaanza. Binti alikaa na simu, mimi nikakaa kando yake, kijana akawa anatufuata kutoka kwao milimani. Wale watu hawana majina. Mmoja amejiita jina la ndege, mwingine ni namba tupu, na mwingine, kwa wingi wa wakati aliokuwa nao, nadhani anakaa nchi ya baridi ambako huwezi kutoka nje. Wanaandika Kiswahili cha vitabu mpaka binti yangu akawa ananitafsiria Kiswahili kwa Kiswahili. Na maswali yao! Je, tukio ndilo linalostahili ukurasa, au ni mahali, au ni vyote viwili? Je, mahali palipofukiwa bado ni mahali? Namba akasema pengine ni mahali, Nchi ya Baridi akasema hana hakika. Ploti yangu, ninayo hati yake, nimeilipia kodi, na watu wawili wasio na majina wanajadiliana kama ipo!

Binti akaniambia, "Baba, lazima useme jambo. Sema ilikuwa kitu kidogo."

Nikajaribu. Nakuapia nilijaribu. Nikafungua mdomo kusema tangi lilikuwa la kawaida, koo likanikatalia kama limezibwa na chapati. Mwishowe binti akaandika mwenyewe, nami nikaangalia ukuta.

Siku ya pili Namba akaandika: "Naunga mkono ufutwe. Ni tangi dogo la mtu binafsi."

Nikasimama. "Dogo? Mwambie aje! Mwambie aje aone miguu yake, bado iko nyuma ya duka!"

"Baba, huyo yuko upande wetu."

"Ananitukania tangi!"

"Ndiyo maana yuko upande wetu."

Mama watoto, aliyekuwa akichagua maharagwe, akasema bila kuinua kichwa, "Leo umepata rafiki wa kweli. Anakusema unavyotaka kusemwa na hutaki."

Nilinyamaza siku hiyo yote, na wapangaji wa lojing walidhani ni ugonjwa. Mambo yakawa yanatuelekea vizuri. Hapakufa mtu, wakasema. Gazeti halikuandika, wakasema. Halitakumbukwa, wakasema, na mimi nikameza hilo pia, kwa ajili ya binti. Kisha yule wa jina la ndege akaja, akatuharibia kwa wema.

Aliandika hivi, binti akanisomea: "Ukurasa unataja mfugo uliokufa. Kwa wafugaji ngamia si jambo dogo. Napendekeza ubaki, isipokuwa mtu wa hapo aeleze kwamba hasara hiyo haikuwa na uzito."

Wote wakasimama hapo, wakingoja. Harusi ya binti yangu ikawa imeketi juu ya mgongo wa ngamia mfu.

Kusema ngamia wa mtu mwingine hakuwa na maana, hilo koo langu lingeweza. Ila nilijua mzee akisikia kutoka kwa watu, itakuwa vita. Nikaona nimwendee mwenyewe kwanza, kiume, tukubaliane. Nilifikiri ni jambo la dakika. Nilikwenda alasiri, kwa miguu, maana ni ua tu unatutenganisha. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda kidogo, yule ngamia wangu wa malipo anatafuna nyuma yake.

"Salaam aleikum," akasema. "Tajiri ametembea. Gari imekufa?"

"Aleikum salaam, mzee. Gari iko. Habari ya hapa?"

"Nagaa, amani tu. Kaa. Usikae hapo, hapo ni ya mbuzi."

Nikakaa. Nikasifu ngamia. Akasema, "Anatoa maziwa. Lakini nikimwita haji. Huyu anajua chakula, mimi hanijui." Nikasema atazoea. Nikauliza watoto, nikauliza mvua, nikaona maneno ya pembeni yameisha.

"Mzee, ile ngamia ya kwanza."

Fimbo yake iliyokuwa inachora chini ikasimama. "Hiyo maneno tulikula buna juu yake."

"Najua. Sifungui kesi. Kuna watu fulani nataka kuwaambia haikuwa ngamia ya maana sana. Naomba tu usinipinge."

"Watu gani?"

"Wa kwa simu."

"Wanakaa wapi?"

"Sijui."

"Wanafuga?"

"Sidhani."

"Majina?"

"Hawana. Mmoja ni namba."

Akanitazama kama mtu anayetafuta jua limempiga mwenzake upande gani. "Sasa mtu hana jina, hana boma, hana hata kuku, ndiye anataka kujua ngamia yangu ilikuwa na maana?"

Nikamweleza ya binti, ya mkwe, ya uwanja wa kanisa. Alisikiliza yote. Binti yangu anampenda, amemwona akitambaa. Mwishoni akatema mate pembeni, polepole.

"Hiyo ngamia ilitoka Sericho kwa miguu yake. Kiangazi ilimaliza zingine zote, moja moja, mpaka tukabaki na hiyo. Bibi yangu alikuwa mgonjwa, ilimbeba. Mtoto wa binti yangu alikuwa mdogo, ilimlisha. Tumefika hapa Isiolo iko mifupa, na bado inatoa maziwa, hii kiasi." Akanionyesha kiganja. "Wewe unajua kwa nini ilikuwa inalala kwa tangi yako kila mchana? Kivuli. Mji mzima hii, kivuli kubwa ilikuwa ya tangi yako. Mimi nilikuwa naiambia, wewe mama, hiyo ni kivuli ya tajiri, iko na mwenyewe. Haisikii. Inarudi."

Sikujua hilo la kivuli. Miaka niliyokuwa na lile tangi nilifikiria maji na urefu tu. Kwamba kuna kiumbe kilikuwa kinakuja kila mchana kulitumia kwa kitu kingine kabisa, bila kunilipa, hilo lilinipita.

"Sasa wewe," akasema, "unataka kusema tangi yako iliangukia kitu bure. Basi sema. Lakini tangi kubwa iliua ngamia kubwa. Ukipunguza moja, umepunguza zote mbili. Na ile buna tulikula, tulikula juu ya nini? Wazee walitoka Kinna kuja kupaka wewe samli kwa sababu ya kitu haina maana?"

Akainuka. Mzee wa Kiborana akiinuka kabla ya mgeni, umefukuzwa, hata kama hakusema. Nilirudi nyumbani nikipitia barabarani, njia ndefu, kwa sababu sikutaka aniangalie nikivuka ua.

Binti alikuwa anangoja na simu. "Amekubali?"

"Andika," nikamwambia.

"Niandike haikuwa na uzito?"

"Andika ninavyosema. Andika, mimi ni mwenye tangi. Tangi lilikuwa la chuma, na kati ya Meru na Moyale hapakuwa na lingine kama hilo. Andika, lilimwangukia ngamia aliyetembea kutoka Sericho wakati wenzake wote wamekufa. Andika, alibeba mgonjwa, alilisha mtoto, alikuwa na maana kuliko baadhi ya watu wanaoandika hapa."

"Baba, hiyo ya mwisho watakufungia."

"Basi itoe. Hayo mengine yabaki."

Hakuandika. Alinitazama. "Ukituma hii, harusi inaenda milimani."

Nilijua. Niliona uwanja wa kanisa wenye baridi na matope, mimi nimekaa kwenye kiti cha mgeni, nikila wali wa mkwe. Niliona hema langu linapigwa na upepo, tupu, na watu wa Isiolo wanasema hata binti yake aliikataa bustani yake. Nikamwambia, "Mama, nitakupeleka huko na magari yote niliyo nayo. Lakini andika."

Akaandika. Akaandika muda mrefu kuliko nilivyosema. Nikamwuliza ni nini hicho kingine.

"Nimeongeza kivuli," akasema. Alikuwa amekwisha kusikia ya kivuli zamani, kwa mzee mwenyewe. Kila mtu alijua isipokuwa mwenye kivuli.

Mama watoto akasema mimi ni mwanamume wa kwanza wa kwetu kupoteza harusi kwa ngamia ya jirani. Lakini aliniongezea nyama.

Uamuzi ulitoka baada ya wiki. Binti alinisomea huku kijana akiwa kwenye simu nyingine. Waliandika kwamba maelezo marefu yaliyotolewa na mwenye tangi yanagusa moyo, ila mwenye tangi ana maslahi yake na neno lake si ushahidi. Ushahidi uliopo ni habari fupi ya redio. Kwa hiyo eneo la maafa halistahili ukurasa wake. Ukurasa unaunganishwa na ule wa mji wa Isiolo, kwa sentensi moja.

"Isome," nikasema.

"'Tangi la maji lilianguka Kiwanjani na kusababisha uharibifu.'"

Nikangoja. "Halafu?"

"Imeisha."

Nikamnyang'anya kijana... sikumnyang'anya, alikuwa mbali, nilimnyang'anya binti ile simu ya kuongea naye. "Wewe! Hata 'kubwa' hawakuweka! Weka 'kubwa'!"

"Mzee, hatuna chanzo."

"Mimi ndiye chanzo!"

"Ndiyo shida, mzee."

Jioni mkwe akapiga simu, sauti ni asali. "Mkwe, nimeandika jina la bustani. Nimeletewa maua. Mungu ni mwema. Tunakuja huko." Harusi ilikuwa imerudi Kiwanjani. Nilishinda. Sijawahi kushinda jambo nikajisikia nimepigwa kiasi kile.

Asubuhi nikaruka ua, kwa mzee. Nikasimama, sikukaa. Nikamwambia niliyoyaandika na waliyoyaamua, nikamsomea ile sentensi kwa kichwa, maana haikuwa ngumu kuishika.

"Ngamia iko ndani?"

"Haiko."

"Wewe uko ndani?"

"Siko."

"Msikiti? Viatu?"

"Hakuna."

Akafikiri. "Basi hiyo ni tangi ya nani wameandika?"

Akaanza kucheka, kwanza mabega, halafu ndevu. Nikakaa. Nilikaa pale pa mbuzi na hakunikataza. Nikamwalika harusi, yeye na wazee wake wote, na akaniuliza kama kutakuwa na kipaza sauti.

Ningejua, ningesema hakuna.

Siku ya harusi nyasi zilikuwa kijani mpaka watu wakaziinamia kuona kama ni za plastiki. Binti yangu alizikanyaga wa kwanza. Mkwe alikuja na kofia ya zambarau, akaikagua bustani kama anakagua wodi, akasema, "Ni pazuri, mkwe," nikavimba. Mchungaji akaomba. Tukala. Kisha mzee akaingia na wazee wenzake, kanzu zimepigwa pasi, na bakuli la mti lenye buna, samli bado inachemka pembeni. Akataka kubariki maharusi. Mshereheshaji, mjinga yule, akampa kipaza sauti.

"Salaam aleikum. Wakristo, habari zenu," mzee akaanza. "Hapa mahali mnakaa, tangi ilianguka."

Kofia ya zambarau ikageuka polepole, ikanitafuta.

Mzee hakuharakisha. Alisimulia Ijumaa, alisimulia viatu, na wageni wa milimani wakacheka mpaka meza zikatikisika. Alisimulia Sericho na hawakucheka tena. Alimsimulia ngamia kutoka pua hadi mkia, mgonjwa juu, mtoto chini, kiganja cha maziwa. Nilimnong'oneza alipopumua, "Mzee, si tulifunga?"

"Tulifunga kesi," akanijibu ndani ya kipaza sauti, watu wote wakasikia. "Ngamia hatukufunga." Akawageukia. "Huyu tajiri aliandika ngamia yangu kwa watu hawana jina, wakakataa. Sasa mimi nasema kwa watu wako na majina. Mahali hii ilikula buna. Watoto waanze hapa, na nyinyi mnajua hapa ni wapi."

Bakuli likazunguka. Bwana harusi akatafuna, bi harusi akatafuna. Likafika kwa mkwe. Alichukua buni moja kwa vidole viwili, kama kidonge, akaitia mdomoni, akaitafuna muda mrefu akinitazama. Nikajiandaa.

Akainuka, akashika kofia yake, akaja mpaka nilipo. "Hukuniambia ya huyo ngamia."

"Mkwe, ulisema hutaki maafa."

"Simu haikusema ni ngamia namna hiyo. Alilala wapi?"

Mzee akamwonyesha kwa fimbo, karibu na waridi. Mkwe akasimama pale pale, na viatu vyake vya harusi, akatazama chini kidogo, halafu akainua uso. "Na tangi lilifika wapi kwa urefu?"

Nikanyoosha mkono juu.

"Mkwe, hiyo ni nyumba ya kawaida."

Nikavuta kiti cha mgeni, nikapanda, nikanyoosha mkono tena hadi koti likanibana kwapani.

"Ongeza," mzee akasema kutoka chini.